Gauni la Jumuiya na Maji ya Pipa

Wasifu wa marehemu Mama Deogratias, uliosomwa mbele ya jeneza lake nyumbani kwake Masumbwe, ulikuwa na makosa mawili. Nilikuwa nimeketi mstari wa pili, kwenye viti vilivyotengwa kwa wazee, na niliyasikia yote mawili kwa masikio yangu. La kwanza lilimwita “dobi maarufu”. La pili lilisema, kwa nia ya kuwachangamsha waombolezaji, kwamba pamoja na umahiri wake wote aliwahi kuliharibu gauni la harusi la jumuiya hadi akanyang'anywa. Watu walicheka, kicheko kile cha msibani kinachofichwa ndani ya kanga. Mimi sikucheka. Nimetumikia masjala maisha yangu yote ya kazi, kuanzia karani hadi mkuu wa masjala ya wilaya, na ninajua kwamba kosa lililosomwa hadharani likaachwa bila kusahihishwa ndilo wajukuu watakalolishika. Nilimsubiri Deogratias, mwanawe aliyeuandika na kuusoma wasifu huo, mpaka watu waliporudi kutoka makaburini na kunawa mikono.

“Deo, wasifu una makosa mawili.”

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Makosa mawili.”

“Mzee wangu, wasifu umeshasomwa.”

“Umesomwa. Haujasahihishwa.”

Alinitazama kwa macho ya mtu ambaye hajalala siku tatu, na nikaona haya kidogo, ila si kiasi cha kuniondoa pale. Akaniahidi nafasi ya kusema siku ya kuanua matanga. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyoyasema siku hiyo, pamoja na yale ambayo muda haukuniruhusu.

Kwanza mahali pawekwe sawa. Vijana husema Masumbwe imekuwa Mkoa wa Geita tangu kuumbwa kwa dunia. Mwaka ninaouzungumzia tulikuwa Mkoa wa Shinyanga, na jalada lililotaka kwenda mkoani lilisafiri kwa lori la pamba kupitia Kahama. Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kazini, katika miaka ile ambayo sabuni ilipangiwa foleni na mche mmoja ulikatwa kwa uzi wapate watu wanne. Nilipangiwa ofisi ya Katibu Tarafa nikiwa karani wa masjala katika kipindi cha majaribio, na kwa kuwa serikali haikuwa na nyumba ya kumpa mtu wa cheo changu, nilielekezwa kwa mjane mmoja ambaye mwanawe alikuwa shule ya bweni na chumba chake kilikuwa kitupu. Mjane huyo ndiye Mama Deo. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, meza yenye alama za wino za Deo, na dirisha la mbao lililofunguka upande wa barabara ya ng'ombe, kiasi kwamba kila jioni vumbi jekundu liliingia na kuketi juu ya kila kitu kama mgeni aliyealikwa. Kuta hazikufika darini. Mtu akizungumza sebuleni kwa sauti ya kawaida, nilimsikia chumbani neno kwa neno. Ninaomba msomaji akikumbuke kipengele hiki, kwa sababu kitahitajika.

Asubuhi ya kwanza nilimsalimia kwa Kisukuma, “Mwangaluka, mayu,” akaitikia, akanimiminia chai iliyokuwa nyekundu na angavu, nikaona sahani chini ya kikombe cha kioo. Nilishangaa. Kule nilikokuwa nimefikia siku mbili kabla, chai ya Masumbwe ilikuwa nyeusi kama wino wa ofisini, na nilidhani ni aina ya majani. Mama Deo alicheka. Akanieleza kwamba maji ya kisima cha pale yana kutu isiyoonekana. Yanatoka safi, yanameremeta ndooni, lakini ukiyachemshia chai yanakuwa meusi, na ukiyafulia nguo nyeupe muda mrefu zinakuwa na rangi ya meno ya mvuta kiko. Kwa hiyo chai ya mgeni, na nguo nyeupe za heshima, vilipewa maji ya mvua. Nyuma ya nyumba, chini ya mchirizi wa bati, palikuwa na pipa la chuma alilolipaka lami kwa ndani, lenye kifuniko cha mbao na jiwe juu yake. Baada ya siku hiyo ya ukaribisho nilikunywa chai nyeusi kama mwenyeji yeyote, pamoja na michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga mpaka ikawa laini. Sijala chakula kizuri zaidi ya hicho katika hoteli yoyote niliyopelekwa na serikali kwa semina.

Sasa gauni. Katika miaka ile hakuna msichana wa kawaida aliyeweza kupata kitambaa cha harusi. Wanawake wa jumuiya ya kanisa walikuwa na gauni moja jeupe la satini lenye lesi kifuani na mikononi, lililoletwa na masista zamani, na kila binti aliyefunga ndoa katika vijiji vile alilivaa kwa zamu. Wembamba walibanwa kwa pini, wanene walifunguliwa mshono wa pembeni ukashonwa tena Jumatatu. Mama Deo alikuwa na cheo kilichoandikwa katika daftari la jumuiya: mtunza gauni. Sikuwahi kumwona akipokea hata yai kwa kazi hiyo. Dobi ni mtu anayefua nguo za watu kwa ujira, na ni kazi halali isiyo na aibu, lakini haikuwa kazi yake. Hilo ndilo sahihisho la kwanza.

Nilimwona akilifua kwa mara ya kwanza mwezi Machi, na nilisimama mlangoni nikiwa na jalada mkononi nikasahau kwamba ofisi imefunguliwa. Aliikwangua sabuni kwa kisu ikawa kama unga, akauyeyusha katika maji ya mvua ya uvuguvugu, akangoja yapoe, ndipo akaliingiza gauni likiwa limegeuzwa ndani nje. Hakufikicha. Alilibonyeza kwa viganja, akaliachia, akalibonyeza tena, kama mtu anayemtuliza mtoto tumboni. Madoa ya jasho ya kwapani aliyapapasa kwa ncha ya kidole. Aliposuuza hakulikamua, alilikunja ndani ya shuka kavu, akaibonyeza shuka ikanywa maji, akabadili shuka nyingine. Kisha hakulianika kwenye kamba. Alilitandaza juu ya kichanja ndani ya chumba chake, juu ya kitambaa safi, mikono imenyooshwa, likakauka kivulini siku mbili.

“Mama, si jua lingelikausha mara moja?” niliuliza.

“Jua lingeligeuza manjano. Na kamba ingelivuta mabega. Gauni likilowa lina uzito wa mtu, Karani. Utamtundika mtu kwa mabega?”

Jirani yake Mama Kabula, mwenyekiti wa wanawake wa jumuiya, alikuwa amekuja kuomba moto. Alinitazama nilivyoinama juu ya beseni. “Eee! Serikali imeleta karani, kumbe imetuletea binti! Karani, jifunze vizuri, tutakutafutia mume.”

“Muache,” Mama Deo akasema. “Mwanamume anayejua kufua lesi hatapigana na mkewe kwa sababu ya sabuni.”

Nilijifunza. Kufikia Juni aliniruhusu kushika upande mmoja wa shuka wakati wa kulikunja. Kufikia Agosti aliniruhusu kusuuza shela. Nasema bila kujisifu kwamba viganja vyangu vilikuwa vyepesi, na kwamba katika nyumba ile, kwa mara ya kwanza tangu niondoke kwetu, nilihisi kuna mtu anayejua kama nimerudi au sijarudi.

Oktoba mvua zilikuwa bado. Pipa lilikuwa limebaki robo, na Mama Deo aliweka jiwe la pili juu ya kifuniko. Robo ile ilikuwa ya gauni. Lilikuwa limerudi kutoka harusi ya kijiji cha jirani likiwa na doa la mchuzi kolani, na Jumamosi iliyofuata lilikuwa na zamu kubwa kuliko zote: Leokadia, binti wa Katibu Tarafa mwenyewe, alikuwa anaolewa. Mama Deo alikwenda Ushirombo siku mbili kumtazama dada yake mgonjwa, akaniachia ufunguo na neno moja: “Pipa lisiguswe.”

Jioni ileile aliyoondoka, Katibu Tarafa alinijulisha kwamba Mkuu wa Wilaya angepita kesho yake na kwamba mimi ndiye nitakayesimama na majalada. Nilikuwa na shati moja jeupe la tetroni, na kisima kilikuwa kimeshaligeuza rangi niliyokwisha kuieleza. Nililitazama. Nililitazama pipa. Nilitoa mawe mawili, nikachota ndoo mbili, nikalifua shati langu kama nilivyofundishwa, likang'aa. Kisha nikafanya jambo ambalo katika miaka iliyofuata nilimfukuzisha kazi karani mmoja kwa kulifanya kwenye daftari: niliona upungufu, nikaujazia. Nilichota ndoo mbili za kisimani, safi machoni, zinazometameta, nikazimimina ndani ya pipa mpaka maji yakafika kwenye alama ileile. Nikarudisha mawe. Mkuu wa Wilaya alinipa mkono. Alisema ofisi ni nadhifu.

Mama Deo alirudi, akalifua gauni Jumanne. Kwa ajili ya doa la mchuzi alitia katika beseni matone machache ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, chupa ndogo aliyoitunza kama dawa ya macho. Yeyote anayeishi juu ya maji ya kutu anajua kitakachotokea dawa hiyo ikikutana nayo. Mimi sikujua. Nilirudi mchana kutoka ofisini nikamkuta ameketi kwenye kigoda, mikono imelowa hadi viwiko, gauni limetandazwa mbele yake juu ya kichanja. Lilikuwa na madoa. Mengine yalikuwa mepesi, rangi ya mchanga, yametawanyika kwenye sketi. Matatu upande wa chini yalikuwa ya kahawia kabisa, kama mtu aliyemwagia chai. Alinyanyuka akaenda jikoni. Baada ya muda alirudi na kikombe, akakiweka mezani pangu.

“Kunywa, Karani.”

Niliangalia ndani. “Mama, hii chai…”

“Imekuwaje?”

“Ni nyeusi.”

“Nimeichemsha kwa maji ya pipa.”

Nilisikia kuku wakiparua nje. Nilitaka kusema labda mvua, labda lami ya pipa, na maneno hayo yalikuwa tayari kinywani, yamepangika vizuri, kwa maana hata wakati huo nilikuwa hodari wa kupanga maneno. Hayakutoka.

“Ndoo ngapi?” akauliza.

“Mbili.”

“Za nini?”

“Shati.”

“Lile ulilomvalia Mkuu wa Wilaya?”

“Ndiyo, mama.”

“Lilipendeza,” akasema. “Nilipofika njia panda watu waliniambia. Haya, simama. Baiskeli ina upepo?”

Alfajiri ya Jumatano nilikwenda Ushirombo kwa baiskeli, kwenye tangi la mvua la misheni, nikarudi mchana na madumu mawili yaliyoning'inia huku na huku, magoti yamechubuka kwa kuanguka mara moja kwenye mchanga. Sikumwaga tone. Yeye alikuwa amekwisha kukusanya ndimu za mtaa mzima. Tulikamua ndimu, tukachanganya na chumvi, tukapaka doa baada ya doa kwa unyoya wa kuku, tukangoja, tukasuuza, tukapaka tena. Madoa mepesi yalikubali yote. Yale matatu ya chini yalififia, hayakuondoka. Alhamisi jioni, kukiwa bado na mwanga, Mama Deo alifungua sanduku lake la bati akatoa shela aliyofungia ndoa yake mwenyewe. Alikata upindo wake kwa mkasi wa kucha, akashona maua matatu ya lesi, madogo, akayaketisha juu ya madoa. Nilimshikia uzi. Nilimwambia nitakwenda kwa Katibu Tarafa nieleze.

“Ueleze nini? Kwamba uliiba maji ya harusi ya binti yake ukavaa shati mbele ya bosi wake? Wewe uko kwenye majaribio, na barua yako ya kuthibitishwa anaitia saini yeye. Mimi sina mwajiri. Shika uzi usilegee.”

Ijumaa wanawake walikuja kulikagua gauni. Nilikuwa chumbani, nyuma ya ukuta usiofika darini, nimekaa kitandani na jalada ambalo sikulifungua.

“Haya maua ya huku chini yametoka wapi?” Ilikuwa sauti ya Mama Kabula.

“Nimeyashona.”

“Kwa nini? Gauni halikuwa na maua.”

“Limepata madoa ya kutu.”

“Kwa mkono wa nani?”

Nilijua kwamba nikinyanyuka ni hatua nne hadi mlangoni. Niliwahi kuzihesabu usiku nikitafuta kiberiti.

“Mimi ndiye niliyelifua,” akasema Mama Deo.

“Wewe! Jamani, basi. Wewe umechoka, mwenzetu. Likitoka harusini nitalitunza mimi.”

Hatua nne. Sikuzipiga. Siku ile sikuzipiga, na ile Jumatatu gauni lilipopita mbele ya nyumba likiwa limefungwa katika shuka kichwani kwa Mama Kabula, sikuzipiga, na Mama Deo alisimama mlangoni akalitazama mpaka lilipokata kona ya mashine ya kusaga. Kwa kumbukumbu sahihi, Mama Kabula alilianika kwa mabega juani, na haukupita muda likawa limelegea kama kanzu ya mtu mwingine. Hilo halikutajwa katika wasifu wa Mama Kabula alipofariki, na mimi nilikuwapo.

Desemba barua yangu ya kuthibitishwa kazini ilifika. Nilimpelekea Mama Deo kabla ya mtu yeyote, akaisoma yote, pamoja na kumbukumbu namba, akanirudishia. “Wabeja,” akasema, neno la shukrani, kana kwamba mimi ndiye niliyempa kitu. Nilimwambia kwamba sasa ninaweza kuwaambia watu. Akajibu kwamba nikiwaambia sasa yeye ataonekana mwongo. Nililikumbatia jibu hilo miaka mingi. Nilihamishwa, nikaoa, nikapanda vyeo. Kila nilipopita Masumbwe niliingia kwake na sabuni, naye alinipa chai, na kila mara nilijiambia kwamba ninanyamaza kwa kumlinda. Ni kisingizio kizuri. Kina muhuri wake kabisa. Lakini mtu aliyeishi kwa kusoma maneno ya watu kwenye majalada angepaswa kuona mapema kwamba hakusema uongo hata kidogo. Aliulizwa ni mkono wa nani, akasema yeye ndiye aliyelifua. Ilikuwa kweli. Swali la maji halikuulizwa, na mtu pekee aliyekuwa na jibu lake alikuwa nyuma ya ukuta.

Hayo niliyasema siku ya kuanua matanga, nimesimama, bila kipaza sauti. Deo alikuwa ameshika kalamu. Nilipomaliza nilianza kutafuta kiti changu kwa mkono, ndipo Leokadia aliponyanyuka kati ya wanawake. Sasa ni bibi wa wajukuu na anatembelea fimbo.

“Kwa hiyo,” akasema, “miaka yote hii nampa mkono mwizi wa maji yangu?”

Wanawake wakapasuka kwa kicheko, safari hii bila kanga mdomoni. Nilisema ndiyo.

“Na yale maua.” Akaegemea fimbo. “Mabibi harusi wote walionitangulia hawakuwa na maua. Nilidhani Mama Deo alinishonea mimi kwa kunipenda. Nimejivunia maua hayo tangu siku ile. Hata mume wangu amekufa akijua hivyo.”

“Yalikatwa kwenye shela yake mwenyewe,” nilisema. “Nilishika uzi.”

Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, polepole, kama anayepokea kitu kizito. Kisha akalielekea rundo la nguo za marehemu, ambazo kwa desturi zilikuwa zioshwe siku ile kabla ya kugawiwa ndugu na marafiki, akachomoa blauzi nyeupe ya lesi, ile aliyoivaa Mama Deo kanisani siku za sikukuu. “Hii ninairithi mimi,” akasema. “Na wewe ndiye utakayeifua. Tukuone.”

Waliniletea beseni, kigoda na sabuni ya unga, nikaikataa, wakaniletea ya mche na kisu. Waliketi wakanizunguka. “Angalieni mkuu wa masjala!” mmoja akapaza sauti. “Mzee, usisahau kugonga muhuri!” Deo alikuja na ndoo ya maji kutoka kwenye tangi kubwa la plastiki lililo chini ya mchirizi uleule, akayamimina mbele yangu. Yalikuwa safi, yanametameta.

“Maji ya mvua, mzee,” akasema.

“Nani amethibitisha?”

Deo akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze. Nilimwomba achote kikombe kimoja, akanichemshie chai. Tulingoja wote, mimi na kisu changu na kipande cha sabuni, wao na maneno yao ya utani yaliyopungua taratibu hadi yakaisha. Alipoleta chai katika kikombe cha kioo nilikiinamia nikakitazama. Kilikuwa chekundu na angavu, na maua ya sahani yalionekana chini yake. Nikakinywa chote. Kisha nikakunja mikono ya shati, nikaigeuza blauzi yake ndani nje.